Mbwa aliyeachwa kwenye paseli: mwongozo kamili wa kumwokoa na kumpatia makao mapya mjini Goma

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, lilitoka tangazo kwamba kartie (mitaa) 10 za Goma zihame. Watu walibeba magodoro, masufuria na watoto, wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru, ya Gisenyi upande wa Rwanda, na ya bandarini. Mbwa walibaki. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, walibaki tena, na safari hii wengi wa waliowaacha hawajarudi. Kwenye avenyu yetu ya Himbi peke yake kulikuwa na mageti matano yenye mbwa ndani na mwenye nyumba hayupo.

Ninaandika kwa ajili ya mbwa wa namna hiyo. Mbwa aliyezaliwa sokoni Birere anajua kujitafutia; anajua saa ya wauza nyama kufunga, anajua mtu gani atamrushia jiwe. Mbwa wa paseli, yaani wa ua wa nyumba yenye geti, hajui hata kimoja. Amefundishwa kumchukia kila mgeni, kisha ameachwa mikononi mwa wageni. Ukimfungulia geti hatoki. Analala palepale, masikio yakisikiliza gari moja tu.

Tayarisha nafasi kabla ya mbwa

Mwaka 2021 nilichukua mbwa wakubwa watatu na watoto wa mbwa wawili ndani ya juma moja. Siku ya sita watoto walianza kuharisha damu. Siku ya nane walikuwa wamekufa wote wawili. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, na sina shaka iliingia na mmoja wa wale wakubwa, niliyemchanganya nao siku ileile ya kwanza kwa kuwa sikuwa na pengine pa kumweka.

Tangu hapo nina sheria moja: mbwa haingii kwangu mpaka iwepo sehemu yake peke yake, yenye paa na mlango, itakayokuwa yake kwa siku 14. Banda la mbao la mita mbili kwa mbili linatosha. Sakafu iwe ya mbao au ya beton (zege). Usimweke juu ya mawe yetu ya volkano yasiyofunikwa: changarawe yake hukata nyayo, na jiwe lenyewe lina vitundu vingi ambavyo kirusi cha parvo hujificha miezi na miezi bila ufagio wala maji kukifikia.

Kama unakaa upande wa Lac Vert, Bulengo, Mugunga, au sehemu za Himbi na Keshero zilizo karibu na ziwa, angalia pia mazuku. Ile hewa mbaya ni kaboni dioksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mtu aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mbwa aliyelala chini, mita moja tu pembeni yake, akafa. Banda lijengwe mahali palipoinuka. Mbwa asifungwe kamwe kwenye shimo, kwenye mtaro, wala kwenye msingi wa nyumba isiyomalizika. Waulize wazee wa avenyu mahali ambapo kuku au mbuzi wamewahi kukutwa wamekufa bila jeraha, wanapajua.

Halafu piga hesabu ya pesa. Hesabu chakula cha miezi mitatu, chanjo, dawa ya minyoo, upasuaji wa kufunga uzazi, na usafiri wa kwenda na kurudi kwa daktari. Nasema miezi mitatu kwa sababu mbwa mkubwa aliyezoea ulinzi hapati mtu haraka. Kama hesabu haitoshi, usimchukue. Mlishe kulekule aliko, mlipie chanjo, msaidie anayemtunza. Nimewaona watu wakidharau msaada wa namna hiyo, lakini mbwa anayekula kila siku nyuma ya geti lake yuko salama kuliko mbwa wa saba kwenye ua wa mtu aliyechoka.

Ongea na zamu

Nyuma ya geti hilo karibu kila mara kuna zamu, mlinzi aliyeachiwa funguo, gunia la unga na ahadi. Mara nyingi unga umekwisha na ahadi pia. Benki zilipofungwa Goma mwanzoni mwa 2025, walinzi wengi walikaa miezi bila mshahara, na bado waligawana bugali lao na mbwa wa mtu mwingine. Mwendee kwa heshima. Usifike na simu ukipiga picha za mbavu za mbwa, maana ataona umekuja kumshitaki.

Papa mmoja, zamu wa nyumba ya ghorofa karibu na ziwa, alinizuia getini kwa mkono: "Mama, usikaribie. Mimi ananizoea, wewe atakuluma." Tulikaa kwenye jiwe la nje, tukaongea karibu saa nzima. Aliniambia mengi ambayo nisingeyapata kwingine: mbwa anaitwa Simba, anaogopa ufagio, mchana hufungwa mnyororo na saa kumi na mbili jioni hufunguliwa, hajawahi kupanda gari, alichanjwa mara moja lakini kadi ilikwenda na mwenye nyumba. Kisha akanionesha alipofungwa. Mnyororo ulikuwa umechora nusu duara kwenye changarawe, na ndani ya mstari huo mawe yote yalikuwa yamelainika kama mawe ya ufukweni. Miaka minne ya kwenda na kurudi.

Muulize zamu haya: jina la mbwa na lugha anayoitwa nayo, chakula alichozoea, nani amewahi kumpiga na kwa kitu gani, kama amewahi kuuma mtu au kuku, kama ameshazaa, na mwenye nyumba anapatikana kwa namba ipi. Andika majibu.

Mwenye nyumba ni lazima atafutwe. Mbwa ni mali ya mtu, na ukimwondoa bila ruhusa unaweza kuitwa mwizi, au zamu akaitwa mwizi kwa niaba yako, na yeye ndiye atakayepoteza kazi. Omba ujumbe wa maandishi kwenye simu, wazi kabisa: "Mimi fulani, ninamtoa mbwa wangu aitwaye fulani, na ninakubali apewe familia nyingine." Ujumbe wa sauti hautoshi, hupotea simu ikibadilishwa. Kama hapatikani, nenda kwa shefu (kiongozi) wa avenyu, mweleze mbele ya zamu na jirani mmoja, mwandike karatasi yenye tarehe na saini zenu, na umtunze mbwa kama amana kwa muda mtakaokubaliana. Mimi huweka miezi miwili. Niliwahi kumtoa mbwa bila karatasi, mwenyewe akarudi baada ya miezi saba na watoto wawili wanaolia jina la mbwa huyo. Sikuwa na neno la kuwaambia.

Kumkaribia na kumtoa

Usiende siku moja ukitegemea kurudi naye. Nenda siku nne, tano, saa ileile, nguo zilezile. Kaa chini ubavu ukiwa upande wake, usimtazame machoni, usinyoshe mkono. Rusha chakula pembeni yake, kisha ondoka kabla hajachoka kubweka. Siku atakayokula ukiwa bado umekaa, umeshafika mbali.

Mwili wake usome wote. Mkia unaotikisika peke yake si dalili ya urafiki; mbwa anayejiandaa kuuma pia hutikisa mkia, ila ukiwa umesimama wima na mwili umekakamaa. Anayelamba midomo, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza kichwa huku jicho jeupe likionekana, anakuomba urudi nyuma. Rudi. Kunguruma nako ni onyo la manufaa. Usimpige kwa kunguruma, maana utakuwa umemfundisha aume bila kutangulia kuonya.

Siku ya kumtoa, zamu ndiye amvalishe kamba. Kamba iwe pana, yenye kitanzi kinachokaza kidogo na kulegea. Usimtie kwenye gunia na usimbebe kwenye pikipiki akiwa amefungwa miguu. Nimeona mbwa akifika amekufa kwa joto na hofu. Fundi seremala yeyote atakutengenezea sanduku la mbao lenye nafasi za hewa. Lisha mbwa ndani ya sanduku hilo kwa siku kadhaa mpaka aingie mwenyewe. Kwa safari fupi ndani ya mji tumebeba sanduku kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, mara mbili, alfajiri, barabara ikiwa tupu, na zamu akitembea pembeni akimsemesha. Kwa mbali tafuta gari. Kama anakwenda Bukavu kwa boti, asile saa sita kabla ya kuondoka, anywe maji kidogo, na sanduku liwe kivulini mbali na mashine.

Kichaa cha mbwa: hapa usikosee

Kila mwaka watu takribani 59,000 hufa duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Kabla ya hapo, kinga ipo na inafanya kazi.

Kama unakusudia kufanya kazi hii zaidi ya mara moja, chanjwa wewe kwanza, pamoja na kila mtu wa nyumbani atakayemshika mbwa. Dozi ni mbili, zikipishana juma moja. Ukiumwa baadaye utahitaji sindano chache zaidi.

Ukiumwa, au kucha zikikuchuna, au ulimi wa mbwa ukagusa kidonda, fungua maji yanayotiririka na sabuni, uoshe kwa dakika 15 ukitazama saa. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtu akusimamie akihesabu. Hakuna bomba? Jerikeni na kikombe, mtu akimimina. Usipake majani, usipake vumbi la betri, usikandamize kwa jiwe jeusi. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Sindano hutolewa siku ya kwanza, halafu siku ya 3, ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28, kwa mpango wa daktari. Jeraha likiwa limetoboa ngozi, uliza pia kuhusu imunoglobulini, kingamwili zilizo tayari, inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Usiache katikati kwa kuwa unajisikia mzima. Ugonjwa hulala miezi miwili, mitatu, wakati mwingine hadi mwaka.

Mbwa aliyeuma asiuawe papo hapo kama anaweza kufungiwa salama. Mfungie siku 10, ukimwangalia kutoka nje. Kama siku hizo zikipita yu mzima, hakuwa na kirusi mateni siku alipouma. Matibabu ya mtu, hata hivyo, hayangoji siku hizo ziishe.

Watu wengi wanajua kichaa cha kukimbia na kuuma kila kitu. Kipo pia cha kimya: mbwa anajificha gizani, taya linalegea, mate yanatoka, sauti inabadilika, hawezi kumeza. Anaonekana kama amekwama mfupa kooni. Usitie mkono mdomoni kumsaidia. Hapo mwite daktari wa mifugo.

Chanjo ya mbwa mwenyewe huanza akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka. Ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mjini mwetu ambapo umeme hukatika, uliza daktari friji yake inalindwaje usiku, na uangalie kichupa kikitoka kwenye friji au kwenye sanduku la barafu. Daktari mwema hatachukia swali hilo. Niliwahi kulipia chanjo iliyotolewa mfukoni mwa shati, nikairudia yote kwa mtu mwingine.

Siku 14 za kwanza

Mbwa aliyekonda sana anaweza kuuawa na sahani iliyojaa. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu haupokei chakula kingi ghafla. Chumvi na madini ya damu huvurugika na moyo ukashindwa. Mpe kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku, ukiongeza polepole ndani ya juma zima. Mimi huanza na wali laini na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizochemshwa, zisizo na chumvi. Sambaza kavu za sokoni ziloweke na kumwaga maji mara mbili. Bugali la mahindi sawa, ila unga usiwe na ukungu: unga uliovunda una sumu inayoharibu ini, na mbwa huathirika haraka. Ule unga ambao watu husema "huu tumpe mbwa" ndio usiompa. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana kabisa.

Dawa ya minyoo mpe akishaanza kula vizuri, na irudiwe baada ya majuma mawili. Okota kinyesi kila siku ukifukie, maana baadhi ya minyoo yake huingia kwa watoto wanaochezea udongo.

Ngozi ndiyo inayoharibiwa zaidi na dawa za kienyeji za mjini. Mbwa mwenye upele watu humpaka vidange, mafuta machafu ya gari. Yanapenya ngozini, anayalamba, na ini linachoka. Wengine humnyunyizia dawa ya shambani kuua kupe. Wengine hununua ivermektini ya ng'ombe na kukadiria kwa jicho. Dawa hiyo yenyewe ni nzuri mikononi mwa anayejua kupima uzito. Kwa kukadiria, mbwa hupofuka, hutetemeka, hufa. Mpime kilo: simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha bila yeye, utoe. Mpelekee daktari namba hiyo. Vidonge vyako vya maumivu, ibuprofeni na vinginevyo, viache kabatini.

Mwangalie nyayo katikati ya vidole, mawe ya volkano hukaa humo. Mwangalie ufizi: ukiwa mweupe au wa njano, huenda kupe wamemletea homa ya damu, usingoje kesho. Mwangalie sehemu za siri: uvimbe mwekundu unaotoa damu, mfano wa ua la koliflawa, ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Wengi huiona na kumtupa mbwa wakidhani basi. Kwa kawaida hupona kwa sindano za vinkristini, mara moja kwa juma, chini ya daktari.

Kwa parvo, safisha banda na vyombo kwa javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, baada ya kuondoa uchafu wote kwanza, na iache dakika 10. Viatu vya bandani visitoke bandani. Ulishe mbwa wako wa zamani kwanza, mgeni mwisho.

Kufunga uzazi

Jike hubeba mimba siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Ukimtoa jike mzima bila kumfunga uzazi, umepanda tatizo kwenye paseli ya mtu mwingine. Simtoi. Watu husema dume aliyehasiwa hawezi kulinda. Mbwa hubweka kwa sababu ya masikio na mazoea ya eneo lake, na hayo hayaondolewi na kisu. Baada ya upasuaji mbwa akae ndani siku 10, mkavu, asilambe mshono. Fulana kuukuu iliyofungwa fundo mgongoni inafanya kazi hiyo vizuri.

Kumfundisha upya mbwa wa geti

Hii ndiyo sehemu ndefu, na ndiyo inayoamua kama atapata watu au hatapata.

Simba nilimpata akijua amri moja tu: kuwa mkali. Juma la kwanza sikumfundisha lolote. Alikula saa ileile, alitoka saa ileile, nilikaa naye nikimenya viazi bila kumgusa. Juma la pili nilianza kumtoa kwenye mnyororo. Hakujua. Alitembea hadi urefu wa mnyororo aliouzoea, akasimama, akageuka, akachora nusu duara kwenye ua usio na mnyororo. Siku tatu alifanya hivyo. Siku ya nne nilitupa kipande cha samaki hatua mbili nje ya mstari wake. Alikitazama muda mrefu. Alinyosha shingo, akarudi, akanyosha tena, kisha akaweka mguu mmoja nje ya ule mstari. Nililia, sioni aibu kusema.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kila kinachomtisha kije kikiwa mbali na kidogo, pamoja na chakula, na kiondoke kabla hajalipuka. Ufagio ulikaa pembe ya ua siku nzima kabla ya mtu kuushika. Wageni walipita nje ya geti kwanza, nami nikimpa kipande kila wanapopita, baadaye wakasimama, baadaye wakaingia na kukaa bila kumtazama. Akibweka, rudi hatua moja nyuma, siku hiyo umekwenda haraka.

Watoto wawe wa mwisho, na mmoja mmoja, wakubwa kwanza, mtu mzima akiwa ameshika kamba. Mbwa ambaye hukujua alivyokuwa na watoto usimtoe kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, hata mama mwenye nyumba akusihi.

Kuna mbwa ambaye hatafika. Ameuma vibaya zaidi ya mara moja, au ana maumivu yasiyotibika. Kwa huyo mwombe daktari wa mifugo amlaze kwa sindano, wewe ukiwa pale umemshika. Sumu kwenye nyama usikubali, hata shefu akipendekeza: inaua kwa uchungu, na inabaki njiani ikingoja mbwa na mtoto wa mwingine.

Kutafuta watu wake

Andika ukweli kwenye tangazo. Mbwa anayeogopa wanaume, andika anaogopa wanaume. Anayekuja baada ya kusoma ukweli ndiye anayebaki naye.

Nikiulizwa "ni mkali?" kama swali la kwanza, ninajua mtu huyo anatafuta mnyororo mwingine. Simpi. Simpi anayetaka azalishe auze watoto, wala anayemtaka kama zawadi ya sikukuu, wala anayekwepa kuniambia atamweka wapi, maana wapo wanaotafuta nyama. Ninaowapenda ni wale wanaouliza anakula nini na analala wapi.

Fika nyumbani kwao bila haraka. Je, ukuta au uzio unafika? Mpangaji ana ruhusa ya mwenye nyumba? Nani hasa atapika chakula cha mbwa? Mara nyingi baba ndiye aliyeomba mbwa na mama ndiye atakayemlisha. Kama mama hajasema ndiyo kwa mdomo wake, jibu ni hapana. Chungulia chombo cha maji cha mbwa au kuku waliopo: kikiwa kikavu na kina utando, hilo ndilo jibu.

Ongea na majirani pia. Goma tunaishi karibu karibu, mbao kwa mbao. Jirani Mwislamu ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi ana haki ya kupita kwenda kuswali bila nguo zake kuguswa. Kufuga mbwa wa kulinda hakumkwazi kama mbwa hafiki njiani kwake. Kwenye paseli moja ya Majengo tulisogeza kamba mita tatu tu, na muzee huyohuyo aliyekuwa amekataa sasa hubakiza mifupa ya mbuzi kwa ajili ya mbwa.

Mkataba uwe ukurasa mmoja: mbwa hatafungwa mnyororo siku nzima, atachanjwa kila mwaka, hatauzwa wala kupewa mtu mwingine, na wakishindwa atarudi kwako saa yoyote bila maneno. Hilo la mwisho lisome kwa sauti. Watu humtupa mbwa kwa aibu ya kumrudisha.

Kisha fuatilia. Piga simu siku ya tatu, tembelea baada ya majuma mawili, na tena mwezi wa tatu. Siku ya tatu ndiyo anayokataa kula au kujaribu kutoroka, na familia huogopa. Waambie mapema kwamba ni kawaida. Simba alikaa siku mbili chini ya meza ya familia ya Katindo bila kutoka. Usiku wa tatu alibweka mara moja, mtu alipogusa geti, na baba wa nyumba akanipigia saa nane za usiku akiwa na furaha.

Kwako unayejiandaa kuondoka

Wengi waliowaacha mbwa waliwapenda. Karatasi ziliwashinda kwa sababu walianza wakiwa wameshakata tiketi. Kwenda nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Kongo, mbwa anahitaji chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, kisha chanjo ya kichaa, kisha damu ipimwe siku zisizopungua 30 baada ya chanjo kwenye maabara iliyoidhinishwa, kiwango cha kinga ya kichaa kwenye damu kifike 0.5 IU/ml, kisha angoje miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Hiyo ni miezi minne hivi kwa uchache. Na kwa kuwa uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, njia ni ya barabara kupitia Gisenyi, kwa hiyo ongeza kadi ya chanjo na cheti cha afya cha daktari wa mifugo kwa ajili ya mpakani. Fanya chipu, chanjo na kipimo cha damu sasa, hata kama huna safari. Chanjo ikirudiwa kila mwaka bila kupitiliza tarehe, kipimo hicho hubaki halali.

Kama muda haupo kabisa, mwachie zamu karatasi yenye namba yako, namba ya daktari, na jina la mtu mmoja wa Goma aliyekubali kwa mdomo wake kumchukua mbwa usiporudi ndani ya siku 30. Tuma pesa ya chakula kwa simu kila juma, kando na mshahara wake. Na kadi ya chanjo, ile yenyewe, ibaki getini pamoja na mbwa.